Kp, Dst au kasi ya dakika: mtu wa Mombasa afuate kipimo kipi cha dhoruba ya sumaku?

Ijumaa ya tarehe 10 Mei 2024, saa mbili na dakika chache usiku kwa saa za Mombasa, wimbi kubwa la upepo wa jua, yaani chembe zenye chaji zinazotoka kwenye jua, liliugonga uga wa sumaku wa dunia, na kabla hakujapambazuka makundi ya WhatsApp yalikuwa yamejaa jumbe za kutisha: zimeni simu, msilale karibu na chaja, sumaku imefika tisa. Hiyo tisa ilikuwa ya kweli. Ni thamani ya juu kabisa ya fahirisi iitwayo Kp, na kwa daraja zinazotumiwa na Marekani dhoruba ile iliandikwa G5, ya kwanza ya kiwango hicho tangu Oktoba 2003. Ila katika jumbe zote nilizosoma usiku ule, hakuna aliyeuliza tisa hiyo ilikuwa ya wapi.

Swali hilo ndilo kiini cha ulinganisho huu. Ninavipima vipimo vitatu ambavyo mkazi wa Mombasa anaweza kuvipata bila malipo kwenye intaneti anapotaka kujua uga wa sumaku unatikisika kiasi gani: Kp, Dst pamoja na ndugu yake SYM-H, na kasi ya mabadiliko, ambayo huhesabiwa kwa nanotesla (kipimo kidogo cha nguvu ya uga wa sumaku) kwa dakika. Sivipi uzito sawa. Kwa mtu wa pwani hii naiweka Dst mbele, Kp naifanya kengele ya mlangoni tu, na kasi ya dakika namwachia mwenye transfoma au kebo ya kutunza.

Tuanze na Kp, kwa kuwa ndiyo inayotajwa na kila mtu. Ilibuniwa na Mjerumani Julius Bartels, ambaye alianza na fahirisi ya K mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuitoa Kp yenyewe mwaka 1949. Kila kituo hutazama, katika kipindi cha saa tatu, uga umepanda na kushuka kwa kiasi gani baada ya kuondolewa yale mabadiliko ya kawaida ya kila siku, kisha kiasi hicho hugeuzwa kuwa namba kati ya 0 na 9. Vituo vinavyohusika ni kumi na vitatu, vyote vikiwa kati ya nyuzi 44 na 60 za latitudo ya sumaku: vingi viko Ulaya na Amerika Kaskazini, kimoja kiko Australia na kingine New Zealand. Barani Afrika hakuna hata kimoja. Kwa hiyo Kp ikisema tisa, inasimulia yaliyotokea Uskoti, Ujerumani na Kanada, mahali ambapo mikondo ya umeme inayoambatana na mianga ya kaskazini huweza kushuka hadi juu ya vichwa vya watu. Mikondo hiyo haifiki Kilindini.

Kasoro ya pili ya Kp ni kwamba ngazi zake hazilingani kwa upana. Katika kituo cha Niemegk, Ujerumani, ngazi ya tisa huanza pale badiliko linapofikia nanotesla 500, na juu ya hapo hakuna ngazi nyingine. Dhoruba ya nanotesla 550 na ile ya nanotesla 2,000 zote huandikwa tisa, kama mizani ya sokoni ambayo mshale wake umegonga ukingo na huwezi tena kujua gunia lina kilo ngapi. Kituo cha Potsdam kinachoitunza Kp kililiona tatizo hilo, kikatoa fahirisi mbili mpya, Hp30 na Hp60, zinazosomwa kila nusu saa na kila saa na ambazo hazina dari. Anayependa njia ya Kp na azifuate hizo; vituo vyake, hata hivyo, ni vilevile vya mbali.

Hata hivyo Kp ina sifa moja ambayo siwezi kuinyima: inatabirika na inatangazwa mapema. Satelaiti zilizowekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani upande wa jua, kama ACE, hupitiwa na upepo wa jua kati ya robo saa na saa moja kabla haujatufikia, na taarifa za tahadhari zinazotokana nazo hutolewa kwa lugha ya Kp na ya daraja za G. Kengele ya mlangoni haikwambii mgeni ni nani, lakini inakuamsha.

Dst inazungumza karibu zaidi na sisi. Dhoruba kubwa inapoanza, chembe zenye chaji hunaswa katika anga za mbali, makumi ya maelfu ya kilomita kutoka ardhini, na kuizunguka dunia zikiwa mkondo wa umeme ulio mfano wa pete. Mkondo huo huenda upande wa magharibi, na uga unaozaliwa nao hupingana na uga wa dunia katika nchi zilizo jirani na ikweta. Ndiyo sababu Dst huandikwa kwa namba hasi: inaeleza uga wa ulalo, yaani ile sehemu ya uga inayolala sambamba na ardhi, umeshuka nanotesla ngapi chini ya hali ya utulivu. Kati ya -50 na -100 dhoruba huitwa ya wastani, kutoka -100 hadi -250 huitwa kali, na chini ya -250 huhesabiwa kuwa miongoni mwa zile kubwa kabisa. Ile ya Mei 2024 ilifika karibu -400, na kilele chake kilitokea Jumamosi tarehe 11, kati ya adhana ya alfajiri na kuchomoza kwa jua hapa kwetu, wakati wengi waliokesha na jumbe za WhatsApp walikuwa wameshalala.

Dst hupatikana kwa kuunganisha vituo vinne: Kakioka huko Japani, Honolulu katika visiwa vya Hawaii, San Juan huko Puerto Rico, na Hermanus, Afrika Kusini. Jumla hiyo hutolewa na Chuo Kikuu cha Kyoto. Vituo hivyo vilichaguliwa kwa makusudi mbali na mikondo ya ncha na mbali kidogo na ikweta ya sumaku (mstari ambako uga hulala sambamba na ardhi), jambo linalovifanya vifanane na Mombasa kuliko kituo chochote cha Kp. Hermanus, zaidi ya hayo, iko katika bara letu na saa zake hupishana na zetu kwa saa moja tu. Hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa maana pete ya umeme inapokuwa inajijenga haiwi sawa pande zote; upande wa dunia ulio jioni hushushwa zaidi ya ule ulio asubuhi. Wastani wa vituo vinne unaifuta tofauti hiyo, ilhali mchoro wa Hermanus peke yake unaibakiza. Anayetaka kukaribia ukweli wa Mombasa aweke mchoro wa Hermanus pembeni mwa ule wa Addis Ababa, ambako kituo cha sumaku kimekuwepo tangu 1958, na ajue kwamba mji wetu uko katikati yao kwa mahali na kwa tabia. Wa Addis Ababa usomwe kwa hadhari, hasa mchana. Mji ule uko karibu sana na ikweta ya sumaku, na juu yake, kwenye kimo cha kilomita mia moja hivi, hupita ukanda mwembamba wa mkondo wa umeme wa mchana unaokuza kila mtikisiko. Mombasa iko zaidi ya nyuzi kumi kusini mwa ukanda huo.

Udhaifu wa Dst ni saa. Namba yake ni wastani wa saa nzima, na saa nzima ni muda mrefu wa kuficha mambo. Mfano mzuri unatoka ng'ambo ya bahari yetu hii hii, katika bandari ambayo majahazi ya Mombasa yaliijua. Tarehe 1 Septemba 1859, Mwingereza Richard Carrington aliona mwako wa mwanga mweupe juu ya jua. Baada ya saa 17 na nusu hivi dhoruba ilifika, na katika kituo cha Colaba, Bombay, uga wa ulalo ulishuka kwa takribani nanotesla 1,600 kisha ukarudi juu upesi. Wanasayansi wa kwanza waliojaribu kuigeuza namba hiyo kuwa Dst walipata thamani ya -1,760. Waliofuata walipofanya wastani wa saa moja, kama kanuni ya Dst inavyotaka, wakapata kitu cha karibu -900 au -1,000. Dhoruba ni ileile na kituo ni kilekile. Ufinyu wa dirisha la kutazamia ndio uliobadilisha hukumu kwa karibu nusu.

Dawa ya udhaifu huo ni SYM-H, ambayo inapima pete ileile kwa njia inayokaribiana sana na ya Dst lakini kila dakika. Kama kuna namba moja ya kuweka kwenye ukurasa wa mbele wa kompyuta ya mtu wa Mombasa, basi ni hiyo. Dst ibaki kwa kumbukumbu na kulinganisha miaka, kwa sababu mfululizo wake unarudi hadi 1957.

Kuna nyakati Kp na Dst hutofautiana waziwazi, na hapo ndipo mtu hujua anafuata nini. Mto wa upepo wa jua wenye kasi, unaotoka katika matundu ya korona (tabaka la nje la jua), unaweza kuiweka Kp kwenye tano au sita kwa siku kadhaa, huku Dst ikizungukazunguka -50 bila kushuka zaidi. Watu wa Norway watakuwa wakipiga picha za mianga. Sumaku ya Mombasa itakuwa imesogea kidogo kuliko inavyosogea siku nyingine kwa jua la adhuhuri tu.

Sasa kasi ya dakika. Umeme unaoingia katika nyaya ndefu wakati wa dhoruba hautokani na ukubwa wa uga bali na wepesi wa kubadilika kwake. Hiyo ni kanuni ya Faraday, ileile inayoendesha jenereta. Uga unaoshuka nanotesla 400 polepole kwa saa nane huisumbua transfoma kidogo kuliko uga unaoruka nanotesla 400 kwa dakika moja. Tarehe 13 Machi 1989 gridi ya Quebec, Kanada, iliporomoka kwa muda wa sekunde 92 na kuwaacha watu milioni 6 gizani kwa takribani saa tisa. Kasi iliyopimwa katika eneo lile ilikuwa karibu nanotesla 480 kwa dakika. Linalonishangaza kila ninapoirudia habari hiyo ni mpangilio wa wakati: Dst ya dhoruba ile ilifika chini kabisa, -589, takribani saa 17 baada ya gridi kuanguka. Aliyekuwa akitazama Dst peke yake angesema bado kubaya hakujafika, na hali taa zilikuwa zimekwisha kuzimika. Kp nayo isingemsaidia, kwani sekunde 92 ndani ya saa tatu hazionekani.

Kwa hiyo mhandisi wa umeme hana budi kuitazama kasi. Njia ya umeme mkubwa kati ya pwani na Nairobi ina urefu wa zaidi ya kilomita 400, na kadiri waya unavyokuwa mrefu ndivyo volti za ardhini zinavyojikusanya kati ya ncha zake, zikasukuma mkondo wa moja kwa moja ndani ya transfoma zilizojengwa kwa mkondo wa kupishana. Ni kweli kwamba kasi kubwa kabisa huonekana karibu na ncha za dunia. Rekodi inayotajwa mara nyingi, nanotesla 2,700 kwa dakika, ni ya Uswidi, Julai 1982. Huku kwetu kitu kikali zaidi kwa kawaida ni ule mruko wa ghafla wa mwanzo, pale wimbi la upepo wa jua linapoubana uga wote wa dunia kwa dakika chache. Lakini usalama wa latitudo si kinga kamili. Baada ya dhoruba za Oktoba na Novemba 2003, transfoma kadhaa kubwa za Afrika Kusini zilikutwa na madhara ambayo wahandisi waliyahusisha na mikondo hiyo, ingawa kasi za huko zilikuwa ndogo kuliko za Quebec. Mikondo midogo iliyodumu kwa saa nyingi ilitosha kuchosha karatasi na mafuta ya ndani.

Wenye kebo za chini ya bahari wako katika safu hiyohiyo. Mombasa ni lango la kebo kadhaa, zikiwemo SEACOM na TEAMS zilizofika 2009 na EASSy iliyofuata 2010. Kioo chenyewe kinachobeba mwanga hakijali sumaku, lakini kila baada ya makumi ya kilomita kuna kifaa cha kuongeza nguvu ya mwanga, na vifaa hivyo vyote hulishwa umeme na waya wa shaba unaopita ndani ya kebo kutoka pwani moja hadi nyingine. Februari 1958 dhoruba moja ilizusha zaidi ya volti 2,500 kati ya ncha za kebo ya simu ya TAT-1 iliyovuka Atlantiki. Kebo za leo hujengwa na akiba ya volti kwa ajili ya mambo kama hayo.

Gharama ya kipimo hiki ni kazi. Hakuna namba moja ya kasi inayotolewa kwa dunia nzima. Ni lazima uchukue takwimu za dakika za kituo kilicho karibu, ambazo vituo vya mtandao wa INTERMAGNET huzitoa, kisha uzitoe moja kutoka nyingine mwenyewe. Kwa asiye na gridi wala kebo, huo ni usumbufu usio na malipo.

Lipo kundi ambalo ningelipotosha kama ningelipa yoyote kati ya vipimo hivi vitatu kama jibu: wapima ardhi, warusha droni na mabaharia wanaotegemea GPS. Tatizo lao kubwa hapa pwani halitokani moja kwa moja na sumaku ya ardhini, bali na ionosfea, tabaka la juu la anga lenye chembe zenye chaji. Mombasa iko karibu na mojawapo ya migongo miwili ya plazma nzito, yaani gesi yenye chaji, inayojitokeza kaskazini na kusini mwa ikweta ya sumaku, na baada ya magharibi, hasa karibu na Machi na Aprili na tena Septemba na Oktoba, mapovu ya plazma nyepesi hupanda na kuyafanya mawimbi ya satelaiti yamemeteke kama nyota. Hayo hutokea hata Kp ikiwa moja. Dhoruba inaweza kuyazidisha au kuyazima kabisa, kutegemea imefika saa ngapi kwa saa za hapa. Mpima ardhi atazame ramani za elektroni za ionosfea, na kama kazi inahitaji usahihi wa sentimita, aimalize kabla jua halijatua.

Na nahodha mwenye dira ya sindano? Yeye anaweza kulala. Uga wa ulalo wa Mombasa ni kama nanotesla 30,000, na ili sindano igeuke nyuzi moja, panahitajika msukumo wa mashariki-magharibi unaozidi nanotesla 500. Dhoruba katika latitudo zetu hushusha zaidi uga wa kaskazini-kusini, yaani huupunguzia nguvu bila kuupinda. Spika ya simu iliyoachwa kando ya dira humpoteza nahodha kuliko dhoruba yoyote aliyokwisha kukutana nayo.

Jambo dogo la kutumia namba hizi: zote huandikwa kwa saa za dunia, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Bahati njema, vipindi nane vya Kp vinakaa vizuri kabisa katika saa ya Kiswahili. Cha kwanza kinaanza saa tisa usiku, kinachofuata saa kumi na mbili asubuhi, halafu saa tatu, saa sita, saa tisa, na kuendelea hivyo hadi usiku mwingine. Aliyezoea kuhesabu siku yake kwa saa hizo hahitaji karatasi.

Wengine huuliza kama hawawezi kujipimia wenyewe kwa simu. Simu ina kihisi cha sumaku, lakini hatua zake za kusoma ni kama nanotesla 150, na kelele zake huzidi hapo. Siku ya kawaida ya utulivu, ambayo uga hupanda na kushuka kwa makumi ya nanotesla, haitaonekana kabisa. Kinachohitajika ni magnetomita ya fluksigeti, yenye kusoma sehemu ya nanotesla moja, na mahali pa kuiweka. Mahali ndipo pagumu. Kituo cha Bombay kililazimika kuhamia Alibag mwaka 1904 kwa sababu ya tramu za umeme, na kile cha Cape Town kikahamia Hermanus mwaka 1941 kwa kukimbia treni za umeme. Shule ya hapa inayotaka kuanza isikiweke chombo hicho kisiwani, penye makontena, malori na kreni za bandari. Itafute shamba upande wa Kilifi au Kwale, ikifukie futi chache ardhini mbali na mabati na barabara, na kwa wiki kadhaa za kwanza iangalie jambo moja tu: kama mchoro wake unapanda adhuhuri na kushuka jioni.